Kupima Uwezo wa Betri ya Kuchaji Katika Joto na Mikondo Tofauti

Nambari iliyoandikwa kwenye ganda la betri, tuseme 2000 mAh (miliampia-saa, yaani mkondo mara saa inazoweza kuutoa), huwa kweli katika hali moja tu: betri ikiwa imejaa, ikitoa mkondo mdogo, katika joto la kawaida la chumbani.

Anza na kipimo cha msingi. Betri ya nikeli ya 2000 mAh ijazwe, iachwe itulie saa moja, kisha itoe mkondo usiobadilika wa 400 mA (miliampia), yaani moja ya tano ya uwezo wake, hadi volti zishuke kufikia 1.0. Zidisha mkondo kwa saa zilizopita. Zikiwa saa 4.5, uwezo ni 1800 mAh. Betri ya lithiamu inayochajiwa hadi volti 4.2 hutolewa umeme hadi kiwango alichotaja mtengenezaji, mara nyingi kati ya volti 2.5 na 3.0. Mita iunganishwe kwenye ncha za betri yenyewe, kwa maana waya nyembamba hupoteza volti, na kosa hilo hukua kadiri mkondo unavyoongezeka. Betri nyingi hulaumiwa kwa makosa ya waya.

Rudia kwa 1000 mA na 2000 mA, iwapo mtengenezaji anaruhusu.

Kwa kipimo cha baridi, chaji betri chumbani kwanza, kwa sababu lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi hujenga utando wa metali ndani na kuharibika. Kisha ifunge katika mfuko usiopitisha unyevu na uiache ndani ya friji kwa saa kadhaa, mpaka kiini chake nacho kipoe. Bandika kipimajoto kwenye mwili wa betri, kwani mkondo mkubwa huipasha joto, nawe unatakiwa kuandika joto lake wala si la hewa iliyoizunguka.

Betri iliyokoma mapema kwenye baridi haijaisha chaji: ukinzani wake wa ndani umepanda, na volti zimefika kikomo kabla ya wakati. Irudishe chumbani, ingoje ipate joto, kisha uendelee kuitoa umeme kwa 400 mA. Kiasi kitakachotoka ndicho kilichokuwa kimezuiliwa tu, na binafsi naona kipimo hiki, ambacho wengi hukiruka, kina manufaa kuliko vingine vyote.

Mwishoni rudia kipimo cha msingi. Kikiwa kimeshuka waziwazi, majaribio yenyewe yameichosha betri, na sehemu ya tofauti uliyoandika haitokani na joto wala mkondo.