Sikiliza "nipo" ya asubuhi

Mwalimu mwenzangu, ukitaka kujua mtoto yupi ana jambo moyoni, ukiita mahudhurio usiinamie daftari tu. Kila mtoto anajibu neno lilelile, "nipo", siku zote, kwa hiyo sikio linazoea sauti yake ya kawaida. Siku likitoka kwa kunong'ona, au akalirusha kwa ukali, weka nukta ya penseli kando ya jina lake. Nukta zikifika tatu mfululizo, mwite pembeni wakati wa mapumziko, si mbele ya wenzake.

Uso peke yake hudanganya. Anayekunja uso akitazama ubao huenda haoni vizuri; msogeze dawati la mbele kwanza. Anayelaza kichwa saa tatu na nusu pengine hajanywa hata chai. Na anayetazama chini ukimsemesha, mara nyingi ndivyo alivyofunzwa kwao kumheshimu mkubwa.

Mimi naangalia zaidi mikono. Nina mwanafunzi mcheshi ambaye siku moja alikuwa akitabasamu huku akichonga penseli iliyokwisha kuwa na ncha, mpaka ikabaki kipande cha urefu wa kidole. Tabasamu lile sikuliamini.

(Zipo programu za kamera zinazodai kusoma hisia, Umoja wa Ulaya umezipiga marufuku mashuleni tangu Februari 2025, isipokuwa kwa tiba au usalama. Sishangai.)

Ukimwita mtoto pembeni, usianze na "una nini wewe?", atajibu "sina kitu". Uliza "umeamkaje leo?" kisha nyamaza, hata kama kimya kinakuwasha.