Usidanganywe na manyunyu

Wakulima wenzangu wa Malindi, mvua ikidondoka kidogo msikimbilie kupanda chini ya miembe na mikorosho. Matone ya kwanza hunaswa na majani huko juu, mengine hunywewa na majani makavu yaliyolala chini, na jua likitoka yote hurudi hewani. Juzi nilifunua tabaka la majani ya mwembe: juu yamelowa chapachapa, chini mchanga mkavu kabisa! Basi chomeka kidole mchangani kwanza, uone kama umelowa. Lakini majani hayo msiyafagie mkayachoma, jamani. Mvua kubwa ya Mei ikishuka, hayo ndiyo huvunja kishindo cha matone, maji yakazama polepole badala ya kuondoka na udongo. Ukimwagilia, sogeza majani, mwaga maji shinani, kisha urudishe majani.