Hotuba dhidi ya kutojali: ipange kama Elie Wiesel

Ugumu wa hotuba ya kukemea kutojali ni kwamba mlaumiwa ndiye aliyekaa mbele yako. Ukimsomea mashtaka dakika ya kwanza, masikio yanaziba. Tarehe 12 Aprili 1999, katika Ikulu ya Marekani, mbele ya Rais Bill Clinton, Elie Wiesel, mwandishi aliyenusurika mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, aliliepuka hilo kwa mpangilio.

Anza na mtu mmoja. Wiesel alianza na kijana wa Kiyahudi kutoka mji mdogo wa milima ya Carpathia, aliyeamka katika Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi nchini Ujerumani, miaka 54 nyuma. Kijana ni yeye mwenyewe, ila anamtaja kwa nafsi ya tatu. Akishamaliza picha ndipo anahamia “mimi”. Ukirukaruka kati ya “yule” na “mimi” kila sentensi, msikilizaji anapotea.

Kisha shukuru. Wiesel aliwashukuru wanajeshi wa Marekani waliowakomboa wafungwa wa kambi hiyo, na hiyo haikuwa adabu tupu. Shukrani ndiyo iliyomfungulia mlango wa kuuliza, baadaye, kwa nini meli ya St. Louis yenye Wayahudi zaidi ya 900 waliowakimbia Wanazi ilirudishwa Ulaya mwaka 1939 ilhali ilishafika karibu na pwani ya Marekani. Hata Franklin Roosevelt, rais wa Marekani wa wakati huo, Wiesel alimsifu kwanza. Sifa ziwe za kweli lakini. Za kubuni hunuka mbali.

Fafanua neno lenyewe. Yeye alirudi kwenye asili ya neno la Kiingereza, “indifference”: kutoona tofauti kati ya nuru na giza, wema na uovu. Kwa Kiswahili usihangaike na asili ya neno. Shika kauli za kila siku, “hayanihusu” na “shauri yao”, uzirudie hadi zimkere aliyezizoea. Halafu zilinganishe na jambo linaloonekana baya zaidi. Wiesel alichagua hasira: mwenye hasira anaweza kutunga shairi au kupigana na dhuluma, asiyejali hazai kitu.

Maswali ya balagha ndiyo huharibika upesi. “Je, tutaendelea kunyamaza?” Ukumbi unajibu “Hapana!”, unapiga makofi, imekwisha. Uliza lisilojibika kwa neno moja: “Jirani alipopiga yowe usiku, ulifanya nini na mlango wako?” Matatu mfululizo yanatosha. Baada ya la mwisho nyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi tatu, hata kama kimya kinakuchoma.

Orodha ya majina ya mahali palipomwagika damu (yeye alitaja Kambodia, Rwanda na Sarajevo bila maelezo) hufanya kazi pale tu wasikilizaji wanapoyajua. Wasipoyajua, chukua mawili uyaeleze.

Mwishoni usitoe amri. Mrudishe mtu wa mwanzo: kwa Wiesel, yule kijana anaonekana tena, safari hii akitembea na mzee aliyekuja kuwa, wakielekea milenia mpya kwa hofu na matumaini.