Kabla Hujafungua Nati ya Kwanza ya Mustang ya 1967

Sisi tuliokulia karibu na gereji tuna ugonjwa mmoja: tukiona gari bovu, mkono unakwenda kwenye boneti. Tunasikiliza injini, tunanusa oili, tunatazama rangi ya moshi. Kwa Corolla ya kutafutia riziki Dar au Mombasa, hiyo ni akili. Kwa gari la Kimarekani la miaka ya sitini lililolala bandani hapa Ohio, Marekani, ni kuanzia mkiani. Injini ya gari la namna hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Kinachomaliza akiba, na wakati mwingine maelewano ya nyumbani, ni bati.

Wamarekani wenyewe huyaita magari ya misuli, na wengi huhesabu ukoo wake kuanzia Pontiac GTO ya 1964: bodi ya ukubwa wa kati iliyopachikwa V8, yaani injini ya silinda nane, ya inchi za ujazo 389, yaani kama lita 6.4. Mustang ya Ford ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964, na wakereketwa watakwambia si ya ukoo huo hasa, bali ni binamu. Waache wabishane. Anayefufua gari kwa mara ya kwanza mimi namshauri achukue Mustang ya 1967 yenye V8 ya 289, ambayo ni lita 4.7. Mwaka ule zilitengenezwa zaidi ya 470,000, na mpaka leo spea zake zinatengenezwa upya, kuanzia madigadi na sakafu hadi vibanio vya zulia. Kuna hata wanaouza bodi nzima mpya. Ukikosea kukata, hujaharibu kitu kisichopatikana tena duniani. Na chukua ile yenye paa la kawaida, si ile yenye mgongo ulioteremka hadi kwenye buti. Hiyo ya pili bei yake iko mbinguni, na makosa ya kujifunzia hayafai kufanyiwa juu ya kitu cha bei hiyo.

Kabla ya kutoa pesa, jifunze kusoma namba ya kiwandani ya gari, si ile ya pleti. Ya 1967 ina herufi na tarakimu 11, na kila moja ina neno lake. Tarakimu ya kwanza, 7, ni mwaka. Herufi inayofuata ni kiwanda: F ni Dearborn, R ni San Jose, T ni Metuchen. Kisha aina ya bodi: 01 ni paa la kawaida, 02 ni mgongo mteremko, 03 ni paa la kukunja. Halafu herufi ya injini: T ni silinda sita, C ni 289 yenye kabureta ya midomo miwili, A ni 289 ya midomo minne, S ni ile kubwa ya 390. Zilizobaki ni namba ya mfululizo tu. Usitosheke na kibati cha mlangoni, maana vibati vipya vinachongwa na kuuzwa. Tafuta namba iliyogongwa kwenye bati lenyewe, chini ya boneti upande wa dereva, juu ya ukingo wa ndani wa digadi. Kisha hesabu nati za gurudumu. Silinda sita ilitoka kiwandani na nati nne kwa kila gurudumu, V8 ilitoka na tano. Ukiambiwa hii ni V8 ya asili na unaona nati nne, una mazungumzo ya kufanya na muuzaji. Zaidi ya hapo, Ford ilimpa Kevin Marti leseni ya kumbukumbu zake za uzalishaji, na kampuni yake huuza ripoti za magari ya Ford ya Marekani kuanzia modeli ya 1967. Ripoti hiyo itakwambia rangi ya asili, giaboksi, na vitu vilivyoagizwa na mnunuzi wa kwanza. Ni gharama ndogo ukilinganisha na kudanganywa.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndipo wanaoanza wanapozama. Chini ya kioo cha mbele, pale wipa zinapokaa, kuna chumba cha bati kinachovuta hewa ya kuingia ndani ya gari. Ndani yake kuna vishingo viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, vinavyopitisha hewa huku vikizuia maji. Majani makavu huingia humo, yanaoza, yanashika unyevu mwaka baada ya mwaka, na kutu inakula vishingo hivyo mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Mvua ikinyesha, maji yanadondokea miguuni pa dereva na abiria, yanalala chini ya zulia, na sakafu nayo inaoza. Kuziba tundu hilo vizuri ni kazi nzito: unatoboa nukta nyingi za kulehemu, unafungua sehemu yote ya juu mbele ya kioo, kisha unarudisha kila kitu mahali pake. Kwa hiyo nenda kukagua gari na mtu wa pili, tochi na ndoo ya maji. Mmoja alale sakafuni kichwa kikiwa chini ya dashibodi, mwingine amwage maji taratibu kwenye matundu ya hewa, kwanza upande mmoja, halafu mwingine. Maji yakishuka ndani, bei nayo inashuka au unaondoka. Muuzaji akikataa jaribio la ndoo, amekwisha kukujibu. Gari langu la kwanza halikupitia ndoo. Lilikuwa na zulia jipya linalonukia duka, nikafurahi kama mtoto. Zulia jipya ndani ya gari bovu ni kifuniko, linyanyue.

Ukimaliza hapo, chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa uitembeze sehemu ya chini ya milango, nyuma ya matao ya magurudumu na pembe za buti. Pasiposhika pana puti, yaani rojo la kujazia mashimo ya bati, na pengine puti nene kama mkate. Chungulia chini ya betri, ambapo asidi huteremka na kula bati. Tazama minara ambamo shokapu za mbele hujifunga, kama ina nyufa. Kwenye buti, kumbuka kwamba tenki la mafuta ndilo lenyewe sehemu ya sakafu, kwa hiyo kutu ya hapo si ya kuifumbia macho. Majimbo yanayomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, kama hili letu, hula magari kwa chini. Magari yanayotoka Arizona au New Mexico bati lake huwa zima, ila viti na dashibodi vimekaangwa na jua. Nikipewa kuchagua, nachukua la jua. Kiti kinashonwa wikiendi moja.

Karatasi zisikupite. Namba iliyo kwenye hati ya umiliki ifanane tarakimu kwa tarakimu na ile iliyogongwa kwenye bati. Hapa Ohio, gari lililotoka jimbo jingine hukaguliwa namba kabla ya kutolewa hati mpya, na tofauti ya herufi moja ni safari nyingi za ofisini. Ulizia pia sheria za mtaa wako, kwani sehemu nyingi haziruhusu kuacha gari lisilo na pleti nje ya nyumba. Bima itafute ya thamani mliyokubaliana kwa maandishi, si ile ya kawaida itakayokulipa kama mwenye kipande cha chuma cha mwaka 1967. Risiti zote weka. Na kwa wenye ndoto ya kulipeleka nyumbani likishapona: kwa utaratibu wa kawaida Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane wala lenye usukani wa kushoto. Jua hilo kabla hujaahidi mtu.

Nafasi huwaumbua wengi. Gari zima linakaa nafasi ya gari moja, lakini likifunguliwa linataka nafasi ya mawili, kwa sababu milango, madigadi, boneti, viti na injini kila kimoja kinadai kona yake. Jambo jingine la kujua kabla ya kushika msumeno ni kwamba Mustang haina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover za kwetu. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Ukikata sakafu iliyooza bila kuchomelea kwanza vyuma vya kushikiza kwenye nafasi za milango, gari linajikunja kidogo, na siku ya kurudisha milango haifungi tena.

Spana zako za namba 10, 12 na 14 ziache kwenye boksi lake. Gari hili linazungumza inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 itaingia vizuri kiasi cha kukudanganya, kisha itakula pembe za bolti yenye kutu na kukuachia kichwa cha mviringo. Nunua seti ya inchi kabla ya kitu kingine chochote. Springi za mbele zimekaa juu ya mkono wa juu, chuma kinachoshikilia gurudumu, zikiwa zimebanwa kwa nguvu kubwa, na kuzitoa bila kifaa chake cha kubania ni kucheza na roho. Maduka mengi ya spea huazima kifaa hicho kwa amana. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Kabla ya kuingia chini, gari likae juu ya stendi.

Kuhusu vumbi nitakuwa mkali. Breki na klachi za enzi hizo zilikuwa na asbesto, kwa hiyo usipulize ngoma za breki kwa kompresa kama tulivyozoea. Lowesha, futa, tupa kitambaa. Viungo vya paa vilijazwa madini ya risasi, na rangi ya zamani nayo inaweza kuwa nayo, hivyo kuisugua ikiwa kavu sebuleni kwa watoto ni mwiko. Rangi za kisasa za kuchanganya na kigumishi zina sumu ya mapafu, na barakoa ya karatasi haizuii kitu. Hapo panatakiwa barakoa inayoleta hewa safi kwa mpira. Binafsi kupaka rangi nilimwachia fundi rangi. Usimpe mtu apige mchanga boneti na milango kwa shinikizo kubwa pia, maana bati linavimba na halinyooki tena.

Pesa: andika makisio yako, halafu yaongeze mara mbili kabla ya kumwonyesha mwenzi wako. Amua pia mapema unataka gari la maonyesho, ambamo kila skrubu ni ya asili, au la kuendesha Jumapili. Anayebadili uamuzi huo katikati ya kazi hununua vitu mara mbili. Mfuatano wangu ni bati kwanza, kisha breki na miguu (springi na shokapu), injini, nyaya, rangi, na viti mwisho kabisa. Anayeanza na viti vya ngozi huishia kuvichomea cheche.

Injini ipeleke mapema kwa wachonga silinda, kwa sababu foleni zao ni ndefu. Jua kwamba kemushafti yake, ule mhimili unaofungua valvu, ni ya zamani, ambayo vijiti vyake vinasugua moja kwa moja. Siku ya kuiwasha mara ya kwanza haitakiwi kuachwa isailensi, yaani izunguke polepole. Inapandishwa mara moja hadi mizunguko kama 2,000 na kushikiliwa hapo dakika 20 hivi, ikiwa na oili yenye zinki ya kutosha. Maana yake rejeta, taimingi na mafuta viwe tayari kabla, si baada. Mipira ya mafuta ya zamani itupe yote, kwa vile petroli ya leo ina ethanoli inayoilainisha.

Ukiwa na hayo yote mkononi, nunua mifuko midogo ya plastiki, kalamu isiyofutika, na piga picha kila kiungo kutoka pande tatu kabla hakijafunguliwa. Kisha puliza mafuta ya kupenya kwenye bolti zote usiku, urudie kesho yake, na kesho kutwa. Kwangu zilizokataa zaidi zilikuwa za bampa ya nyuma. Hizo zilitaka wiki nzima.