Jinsi ya kuangalia komedi ya vita inayosema vita nyingine

Usianze na vichekesho, anza na miaka miwili: vita ya kwenye muvi ni ya lini, na muvi yenyewe imetoka lini. Chukua MASH, muvi ya dairekta Robert Altman kuhusu madokta wa jeshi la Marekani, stori ni ya vita ya Korea, 1950 mpaka 1953, ila imetoka 1970 wakati vijana wa Marekani bado wanakufa Vietnam, hapo tu ushajua vita inayosemwa ni ya Vietnam. Mi mara ya kwanza niliiangalia kama muvi ya Korea kweli, nikapitwa na nusu ya utamu.

Halafu kodolea macho vitu vidogo. Madokta wa jeshi wa miaka ya 50 eti wana nywele na masharubu ya vijana wa 1970! Altman mwenyewe hakutaka Korea itajwe, studio ndo ikalazimisha yawekwe maandishi mwanzoni ya kusema ni Korea.

Kingine, jiulize nani anachekwa. Adui humuoni akipigana, wanaochekwa ni mabosi wa jeshi na sheria zao, huku madokta wanatupiana utani mikono ikiwa ndani ya tumbo la majeruhi na damu inaruka, unacheka halafu unajishtukia.

Siriz yake ya TV (1972 hadi 1983) nayo angalia kila epsodi ilirushwa lini, maana vita ya miaka mitatu wameivuta miaka 11 na Vietnam iliisha katikati, 1975.

Ukimaliza jaribu muvi ya Catch-22, nayo ya 1970, ila yenyewe imejificha nyuma ya Vita vya Pili vya Dunia.