Jinsi ya kutembea Camino ya pwani kutoka Porto hadi Santiago, hatua kwa hatua

Camino ni njia ya hija ya kutembea kwa miguu, na hii ya pwani iko hivi: unaanzia kanisa kuu la Porto kule Ureno, unapanda na pwani ya Atlantiki kuelekea kaskazini, unavuka mto Minho unaingia Hispania, halafu unaishia Santiago de Compostela, mji ambao Wakristo kwa zaidi ya miaka elfu moja wamekuwa wakienda kuzuru kaburi la mtume Yakobo. Ni kama kilomita 270 hivi, inategemea utashika michepuko gani, na mtu mwenye afya ya kawaida anaimaliza ndani ya wiki mbili bila kukimbizana.

Sasa watu wakiangalia ramani wakaona hamna milima ya maana wanasema aah, hii mteremko. Siyo. Pwani tambarare inachosha kwa namna yake, maana siku nzima unakanyaga mawe, lami na mbao kwa mwendo uleule, mguu unapigwa palepale kuanzia asubuhi hadi jioni, huku upepo unakuja usoni. Milimani angalau misuli inapokezana. Kwahiyo mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata miguu, upepo na maji, kilomita zinakuja baadae.

Hatua ya 1: Karatasi

Kama pasipoti yako inadai viza, Ureno na Hispania zote ziko Schengen, ule umoja wa nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwahiyo viza moja inatosha, ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024 na bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Wengi wanapokwama ni waombe ubalozi gani. Kanuni ni kwamba unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, zikilingana unaomba kwa ile unayoingia kwanza, na njia hii ina sehemu kubwa pande zote mbili, ya Hispania ikizidi. Kaa chini uhesabu usiku mmoja mmoja kabla hujagusa fomu, weka na zile siku za kupumzika Porto na Santiago maana hizo ndo zinaamua.

Karatasi ya pili ni pasipoti ya hija, wenyewe wanaiita credencial. Inapatikana kanisa kuu la Porto, bei yake ndogo tu. Hii ndo inakuruhusu kulala kwenye hosteli za mahujaji, na ndo ushahidi wako kule mwisho kwamba umetembea. Unagongewa muhuri kila unapolala, makanisani, hata kwenye migahawa. Iweke kwenye mfuko wa plastiki unaofunga vizuri, mvua ya Galicia, jimbo la Hispania ambako njia inaishia, ikiingia kwenye begi wino wote unavuja.

Hatua ya 2: Lini uende

Mei, Juni na Septemba, basi. Julai na Agosti fukwe zinajaa wageni wa likizo, vitanda vinapanda bei, na ndo wakati wa nortada, upepo wa kaskazini unaovuma pwani yote ya Ureno, unaamka taratibu asubuhi na kuchacha mchana. Wewe unaelekea kaskazini, kwahiyo wote unaupokea kifuani. Dawa yake ni kutoka mapema, saa kumi na mbili asubuhi uwe barabarani, saa saba au nane mchana uwe umeshafika. Majira ya baridi hosteli nyingi zinafunga na mvua haina huruma.

Jambo lingine, mwaka 2027 ni mwaka mtakatifu wa Santiago, unatokea kila tarehe 25 Julai, sikukuu ya mtume, ikiangukia Jumapili. Watu watakuwa wengi kuliko kawaida, na kawaida yenyewe sio ndogo, 2024 walisajiliwa karibu nusu milioni kule Santiago. Mwenye kupenda utulivu apange mwaka mwingine.

Hatua ya 3: Miguu na viatu (soma hii mara mbili)

Acha buti nzito za mlimani. Mitaa na vijiji vya Ureno vimetandikwa mawe madogo ya kuchongwa, magumu, hayana usawa, na unayakanyaga kwa masaa. Unachotaka ni raba nyepesi za njia za porini, zenye soli nene laini, kubwa kuliko saizi yako kwa nusu au moja kamili, kwa sababu mguu unavimba kwa kutembea siku mfululizo na kidole kikianza kugonga mbele kucha inaondoka. Zivae nyumbani wiki kadhaa kabla, ukiwa na begi mgongoni lenye uzito uleule utakaobeba, na utembee juu ya lami sio kwenye nyasi, maana lami ndo utakayoikuta.

Asubuhi kabla ya soksi paka vaselini katikati ya vidole, kisigino na chini ya unyayo. Soksi za sufu nyepesi, siyo pamba, pamba inashika jasho na ngozi iliyolowa ndo inayochubuka. Katikati ya siku kaa chini, vua viatu, kung'uta mchanga, acha miguu ipigwe na hewa dakika kumi, vaa soksi kavu. Mchanga ndo adui mkubwa wa njia hii, unaingia hata kama hujakanyaga ufukweni kwa sababu upepo unaumwaga juu ya njia za mbao, na chembe chache tu ndani ya soksi zinafanya kazi ya msasa.

Ukisikia sehemu inapata moto, simama hapohapo. Usiseme nitashughulika nikifika. Pale ngozi bado haijanyanyuka, plasta moja inaokoa siku nne za mateso. Lengelenge likishatokea na ni dogo, lifunike tu uliache. Likiwa kubwa na linauma, litoboe pembeni kwa sindano uliyoisafisha kwa spiriti, kamua maji, usitoe ngozi ya juu, funika. Ile desturi ya zamani ya kupitisha uzi na kuuacha ndani usiifanye, uzi unaingiza vijidudu. Maduka ya dawa yana msalaba wa kijani, yapo karibu kila mji, na wahudumu wa njia hii wameona miguu ya kila aina, onyesha tu mguu watakuelewa.

Begi lisizidi asilimia kumi ya uzito wako. Nguo seti mbili, koti la mvua, sandali za jioni, shuka jepesi la kulalia, taa, chaja. Losheni ya jua lazima, na hapa kuna kitu wengi hawakijui: unatembea kuelekea kaskazini, jua la mchana liko mgongoni kwako, kwahiyo panapoungua ni shingo kwa nyuma, masikio na mashavu ya miguu, na upepo baridi wa bahari unakudanganya usisikie.

Hatua ya 4: Kutoka Porto hadi Caminha

Usitoke Porto kwa kufuata alama za barabara ya ndani, ni viwanda na magari. Kutoka kanisa kuu shuka mtoni, fuata mto Douro hadi unapomwaga maji baharini pale Foz, kunja kulia, bahari ikae kushoto kwako. Unapita Matosinhos, unavuka daraja linalofunguka la bandari ya Leixões, halafu zinaanza njia za mbao juu ya mchanga kilomita nyingi. Asiyetaka mjini achukue metro mpaka Matosinhos aanzie hapo, haipunguzi thamani ya hija yake hata kidogo. Mbao zikilowa zinateleza sana, punguza hatua.

Alama ni mishale ya njano na kombe la baharini. Mishale hii aliianza padri wa kijiji cha O Cebreiro, Elías Valiña, miaka ya 1980. Ila ukiwa Ureno utakutana pia na mishale ya bluu, hiyo inaelekea Fátima, upande wa pili kabisa. Njano tu.

Kuna njia mbili zinazokwenda sambamba: ile rasmi ya pwani ambayo mara nyingi iko ndani kidogo kwenye vijiji na mashamba, na nyingine iliyoshikamana na maji, Senda Litoral. Ushauri wangu, changanya. Hadi Esposende kaa na bahari. Kutoka Esposende kwenda Viana do Castelo ingia ndani, unapata kivuli cha msitu, udongo laini, unavuka mto Neiva kwa kidaraja cha mawe, na miguu ambayo imeshachoka na mbao inapata nafuu. Unaingia Viana kwa daraja refu la chuma la mwaka 1878 lililojengwa na kampuni ya Eiffel, yuleyule wa mnara wa Paris, na kinjia cha waenda kwa miguu ni chembamba kwelikweli, begi likiwa pana mkikutana na mtu mnapishana ubavu. Kutoka Viana kuendelea rudi baharini tena, Afife, Vila Praia de Âncora, Moledo, hii ndo siku nzuri kuliko zote upande wa Ureno, usiiharakishe.

Hatua ya 5: Kuvuka Minho

Hapa maji ndo yanatoa ratiba. Mto Minho ni mpaka wa nchi mbili, Caminha uko huku na A Guarda iko ng'ambo, mlango wa mto umejaa mchanga na maji yakipwa mafungu yanatokeza. Mahujaji wanavushwa na boti ndogo za watu binafsi, ni dakika chache tu kwa euro chache, na bahari ikichafuka au ukungu ukishuka haziendi. Kwahiyo jioni ya kuamkia siku hiyo uliza hosteli uliyolala boti ya kwanza ni saa ngapi na uweke nafasi kwa simu. Halafu kumbuka saa ya Hispania iko mbele kwa saa moja, ukipanda saa tatu asubuhi ya Ureno ukishuka ni saa nne imeshapita, na kama umebuku kitanda au chakula ng'ambo hesabu kwa saa ya huko.

Boti zisipokwenda kabisa, panda na mto hadi Valença, ni siku nzima ya kutembea, vuka daraja la chuma la mwaka 1886 uingie Tui, uungane na njia ya kati, ile Camino nyingine ya Ureno inayopita ndani mbali na bahari. Utafika Santiago vizuri tu, ila pwani ya Galicia utaikosa, na mimi ningesubiri siku moja Caminha kuliko kuikosa.

Hatua ya 6: Pwani ya Galicia

Kutoka A Guarda hadi Baiona ni miamba na mawimbi, watu wachache, maduka machache zaidi. Jaza maji na ubebe chakula. Pale Oia kuna monasteri iliyojengwa kando kabisa ya bahari, lala hapo kijijini ugawe safari mara mbili, maana ukilazimisha A Guarda hadi Baiona siku moja ni kilomita 30 na sehemu kubwa iko pembeni ya barabara ya magari. Baiona ndo bandari ilipotia nanga merikebu Pinta tarehe 1 Machi 1493 ikiwa na habari za safari ya Columbus, mji mzuri wa kupumzika siku nzima.

Hosteli za serikali ya Galicia ni euro 10, huwezi kubuku, anayetangulia ndo anapata. Jiko lipo ila mara nyingi hamna sufuria wala sahani. Taa zinazimwa saa nne usiku na saa mbili asubuhi uwe umetoka. Ukipewa kitanda kabla ya kutua begi nyanyua kona za godoro utazame kwenye mishono, kunguni wapo njia nzima na wakiingia kwenye begi unatembea nao hadi mwisho. Chakula cha mchana ni kati ya saa saba na saa tisa na nusu, cha usiku kabla ya saa mbili na nusu hupati kirahisi, na Jumapili maduka mengi yamefungwa.

Vigo ni jiji kubwa, pita tu. Baada yake kuna njia nzuri ya juu yenye kivuli hadi Redondela, ghuba yote unaiona chini.

Hatua ya 7: Redondela hadi Santiago

Redondela njia ya pwani inaungana na ya kati na ghafla watu wanaongezeka. Kuanzia hapa buku kitanda siku moja au mbili kabla kwenye hosteli binafsi. Na hapa uko tayari ndani ya kilomita 100 za mwisho, zinaanzia karibu na Vigo, kwahiyo tangu huko mihuri iwe angalau miwili kila siku, wanaikagua unapochukua cheti Santiago.

Pontevedra ingia kanisa la Virxe Peregrina, ramani yake imechorwa kwa umbo la kombe. Mwenye siku ya ziada achukue mchepuko wa Combarro, Armenteira na Vilanova de Arousa, kutoka Vilanova unapanda boti kwenye ghuba ya Arousa kuelekea Padrón, ukifuata njia ileile ambayo simulizi zinasema mwili wa mtume uliletwa kwa mashua. Mimi napenda sana mchepuko huu, unaingia Padrón kwa maji kama hija hii ilivyoanza. Ukibaki njia kuu utapita Caldas de Reis penye chemchemi za maji moto, mahujaji wanaloweka miguu, ila mwenye malengelenge yaliyopasuka asiloweke.

Hatua ya 8: Ukifika

Kabla ya kuingia jisajili mtandaoni kwa ofisi ya mahujaji, inapunguza foleni. Ofisi iko Rúa das Carretas, cheti cha kumaliza hija, Compostela, ni bure, cha umbali ni euro 3. Misa ya mahujaji ipo kila siku saa sita mchana, begi haliruhusiwi ndani ya kanisa kuu kwahiyo liache hosteli kwanza. Kile chetezo kikubwa, Botafumeiro, hakirushwi kila siku, ni kwa sikukuu maalum au kikundi kikiomba.

Mwenye nguvu bado anaweza kuendelea hadi Fisterra, rasi ya magharibi kwenye Atlantiki, kama kilomita 90, siku tatu au nne. Kurudi Porto kuna basi la moja kwa moja, au treni kupitia Vigo ambayo safari zake ni chache kwa siku, kata tiketi ukiwa bado Padrón.