Mkono wa fistula, ushike kila asubuhi kabla hujashika simu

Mi namuuguza mama, yuko kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, masaa manne manne, na nikiamka kabla hata ya chai naweka vidole mkononi pale walipounganisha ateri na vena, yaani mshipa unaotoa damu kwenye moyo na unaoirudisha, ndiyo hiyo fistula, sindano za mashine zinachomwa hapo. Usibonyeze, weka tu. Inatakiwa itetemeke kama simu iliyofunikwa na khanga ikiwa kwenye vaibresheni, mtetemo laini usiokatika, na ukiweka sikio unasikia vuuu vuuu.

Ikianza kudunda kwa nguvu kama moyo badala ya kutetemeka, shtuka, mara nyingi mshipa umebana huko mbele. Mwambie anyanyue mkono juu, ule mshipa uliotuna unatakiwa unywee, ukibaki umejaa vilevile kamwambie daktari. Pia mkono ukivimba, au sindano zikitolewa damu haikati kama ilivyozoea, usinyamaze.

Ikinyamaza kabisa hiyo imeganda, nenda hospitali saa hiyohiyo. Sisi ilinyamaza Jumamosi jioni tukasema aah Jumatatu si anaenda mashine, Jumatatu tukaambiwa tumechelewa, akarudishiwa mpira wa kupitishia damu ya mashine shingoni. Na ule mpira ni balaa, vijidudu vinapata njia ya kuingia moja kwa moja kwenye damu, kwahiyo usilowe, usifunguliwe ovyo, na mtu akipata homa au akianza kutetemeka kwa baridi ni dharura.

Mkono wa fistula haupimwi presha, hautolewi damu, hauchomwi dripu, haulaliwi, haubebi ndoo. Hata nesi akiwa na haraka, kataa. Uoshwe kwa sabuni kabla ya kuchomwa. Halafu sindano zihamehame, najua wagonjwa wanapenda palepale maana pameshakufa ganzi, ila ngozi inakonda, inang'aa, inaota kigaga kisichopona, na siku moja inapasuka. Ikipasuka bonyeza kidole hapohapo kwenye tundu, nyanyua mkono, piga kelele za msaada. Usirundike mataulo, yanakunywa damu tu huku we huoni kinachoendelea.

Fistula mpya msiiharakishe. Tangu madaktari Brescia na Cimino walipoitangaza kule New York 1966 bado inataka muda wake wa kukomaa, wiki sita na kuendelea, mshipa ufike kama milimita 6 upana. Hapo katikati aminye kampira laini, kama daktari wa upasuaji ameruhusu.

Mshipa uliobana unafunguliwa kwa puto, wanapitisha waya mwembamba huku wanaangalia kwenye eksirei, puto linajazwa pale palipobana. Kule Texas daktari wa figo Gerald Beathard alianza kuifanya mwenyewe badala ya kumsubiri daktari wa radiolojia, yule wa picha za eksirei, akafundisha na wenzake, mpaka 2000 Marekani wakaunda chama cha madaktari wa figo wa kazi hiyo. Nachompendea, pamoja na mitambo yote alisisitiza mkono ukaguliwe kwanza kwa macho, vidole na sikio, yaani kilekile unachofanya we asubuhi kitandani kwa mama.

Kwahiyo kliniki ijayo uliza: nani hapa anafungua mshipa kwa puto, na ikinyamaza usiku wa Jumamosi nampigia nani? Hiyo namba sisi tumeibandika mlangoni kwa friji.